Mkwe Katika Mapito Mawili

1

Asubuhi ile umande ulikuwa umeganda juu ya majani ya uwanda wa Kitulo, na kila aliyekuja kazini katika Kituo cha Tiba ya Mawimbi alitanguliwa na moshi wa pumzi yake mwenyewe. Tumwitike Mwalwisi, ambaye kituoni aliitwa Mama Lusajo kwa jina la mwanawe wa kwanza, alisimama nyuma ya pazia la kijani katika chumba cha maandalizi, mikono ameikunja kifuani, macho ameyaelekeza ukutani. Upande wa pili wa pazia alikuwa amelazwa baba mkwe wake, Mzee Asegelile Mwalwisi, mwalimu mstaafu wa hesabu na mzee wa kanisa, mwenye uvimbe wa saratani katika ini. Madaktari wa bondeni walikuwa wamempa miezi sita, pengine minane.

Tangu alipoolewa na Gwakisa, miaka kumi na mmoja iliyopita, Tumwitike hakuwahi kuutazama uso wa mzee huyo. Desturi ya Wanyakyusa ya mkaza mwana kumcha baba wa mumewe ilikuwa imeachwa na nyumba nyingi, lakini katika boma la Mwalwisi ilishikwa kama amri. Mzee alipokaribia nyumba alikohoa mara mbili kutoka mbali, kikohozi kikavu, kama mtu anayebisha hodi kwa koo. Naye Tumwitike alijitanda khanga kichwani, akageuka, akapita njia nyingine. Jina la mzee, Asegelile, hakulitamka kamwe, wala neno lolote lililokaribiana nalo kwa sauti. Haukuwa uadui. Waliheshimiana kwa kutoonana, na walipohitaji kusemezana walipitishia maneno kwa mtu wa tatu, na pasipokuwa na mtu, kwa mbuzi au kwa mwiko.

Siku hiyo mpitishaji alikuwa Nesi Zamda, mwanamke wa Kilwa, mnene, asiyejua kunong'ona.

"Nesi," akasema mzee, "mwambie Mama Lusajo kwamba nimeamka salama."

"Mama Lusajo, mzee ameamka salama," akasema Zamda, ingawa pazia lile lilikuwa jembamba kama ganda la kitunguu.

"Mwambie baba nashukuru. Mwambie shikamoo."

"Mzee, shikamoo yako hii hapa."

"Marahaba. Muulize kama ni kweli yeye ndiye atakayelinda giza langu."

"Mwambie ni kweli."

"Ee Mola!" akasema Zamda. "Kwetu Kilwa mtu na mkwewe hugombana uso kwa uso, wakamaliza, wakala. Ninyi mnanichosha kinywa na chai sijanywa."

Mzee akacheka, na kicheko kikamwisha katika maumivu. Tumwitike akayasikia maumivu hayo, akazidi kuukazia macho ukuta.

Daktari Hiza Semkiwa, mkuu wa kituo, akaingia bila kofia. Alikuwa Msambaa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini kama mtu aliyekaa miaka mingi karibu na kitu kilicholala. Ndiye aliyemteua Tumwitike kwa kazi ya siku ile. Mlinzi mwingine alikuwa kitandani kwa homa, na baadhi ya wahandisi walipopinga kwamba haifai mtu kumlinda jamaa yake, Semkiwa aliwajibu, "Jamaa yupi? Kama kuna jicho moja katika dunia hii lisilomtafuta mzee huyu, ni la Mama Lusajo. Amefundishwa kutomwona kwa miaka kumi na mmoja. Mimi ninawafundisha walinzi wangu kwa miezi mitatu tu." Wakacheka, wakakubali. Hilo likaonekana kuwa hekima.

"Mwalimu," akasema sasa, akimwinamia mgonjwa, "una swali la mwisho?"

"Ninalo. Nikisha kupoa, nikaanza kwenda, nitakuwa katika pito la mashariki au la magharibi?"

"Utakuwa katika yote mawili."

"Nikiwa shule ya msingi nilichapwa kwa jibu la namna hiyo."

Semkiwa akatabasamu. "Kila kitu kina wimbi lake, mwalimu. Jiwe lina wimbi, ng'ombe ana wimbi. Ila kitu kikiwa kizito, na kikienda mbio, wimbi lake huwa fupi mno, hata chombo chochote kisilipate. Sisi tunalirefusha. Tunakupoza, tunakupeleka polepole kuliko konokono, na tunahakikisha hapana anayejua uko wapi. Ndipo wimbi lako linapotandaa na kuingia kotekote, kama maji yanavyozunguka nguzo pande zote mbili."

"Na uvimbe?"

"Una wimbi lake, lenye mwendo wake. Katika pito moja tunauchelewesha kwa nusu ya hatua. Mkifika ukumbi wa Makutano, mwili wako mzima hukutana na nafsi yake kilele kwa kilele, ukajumlika. Uvimbe hukutana na nafsi yake kilele kwa bonde, ukajifuta. Unatoka wewe, uvimbe hautoki."

"Na mtu akijua nimepita wapi?"

"Hapo hakuna kukutana. Aliye mahali pamoja tu hana wa kukutana naye."

Mzee akamgeukia Zamda. "Nesi," akasema hatimaye, "mwambie Mama Lusajo asinihurumie. Huruma hufanya watu wachungulie."

Nje ya mlango Gwakisa alikuwa akimngoja mkewe, kofia ya sufu mikononi, ameizungusha hata imepoteza umbo. "Mama Lusajo," akasema, "katika ndoa yetu nimekuomba mambo mangapi?"

"Machache."

"Basi ongeza hili. Nirudishie baba."

Tumwitike alitaka kumwambia kwamba mlinzi harudishi mtu, mlinzi hukaa tu gizani. Hakumwambia. Alimshika mkono, akaenda kazini.

2

Chumba cha mlinzi kilichongwa ndani ya mwamba, katikati ya mapito mawili. Upana wake ulikuwa hatua tatu. Mashariki palikuwa na ukuta wa jiwe, na nyuma yake pito. Magharibi vivyo hivyo. Mbele ya kigoda palikuwa na kipimo kimoja chenye mwanga mwekundu hafifu, simu ya ndani, na kamba ya kengele. Hapakuwa na kingine.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na mashine. Lakini mashine haijui kukaa karibu na jambo bila kuliandika, na kila kilichoandikwa, hata kama hakuna msomaji, ni jicho. Wagonjwa wa kwanza walifia Makutano pamoja na uvimbe wao, kwa sababu waya fulani uliokuwa ukutani ulipata joto kidogo upande mmoja kuliko wa pili, na waya ule ukakumbuka. Hapo wakubwa wa kituo wakaamua kuweka binadamu. Binadamu, walisema, aweza kuwapo pasipo kuandika. Kipimo alichopewa hakikutaja upande. Kilijumlisha pande zote na kuonyesha jambo moja tu: kama wimbi lingali zima. Mia ilikuwa ukamilifu ambao hakuna mgonjwa aliyewahi kuufikia. Chini ya tisini, mitambo ilijisimamisha yenyewe, ingawa kipimo kiliweza kuchelewa kuonyesha wimbi lililokwisha kuvunjika.

Kila robo ya saa mlinzi aliinua simu akasema neno moja, "Giza," maana yake: sikuona, sikusikia, sijui. Akiwa ameona, au amesikia, au amejua, sharti avute kamba. Vijana wa karakana waliiita kengele ya aibu. Katika miaka sita ilikuwa imelia mara mbili.

Tumwitike alisema "Giza" mara ya kwanza mshale ukiwa katika tisini na saba. Akasema mara ya pili. Mara ya tatu. Mara ya nne, katika dakika ya sitini, mshale ulikuwa palepale, naye akajiruhusu kuwaza habari ya chakula ambacho mzee angekitaka akiamka. Mikono yake ilikuwa baridi, lakini moyo ulikuwa umetulia. Safari nzima ilikuwa ya dakika tisini. Upande huu na upande ule wa jiwe, mtu mmoja aliyelala juu ya kitanda cha sumaku, akivuta pumzi moja kwa dakika kumi, alikuwa akipita bila kupita mahali.

Katika dakika ya sitini na nane alijikuta anautazama ukuta wa magharibi.

Hakukumbuka kugeuka. Aliketi kuelekea kipimo, kama ilivyompasa, na sasa magoti yake, mabega yake na uso wake vilikuwa vimeelekea magharibi, na khanga iliyokuwa mabegani ilikuwa imekwisha kupanda kichwani, imemfunika shavu la kulia, lililokuwa upande wa mashariki kabla hajageuka. Mkono uliokuwa umeivuta ungali umeshika upindo.

Akautazama mkono ule kama mkono wa mtu mwingine.

Kisha akakitazama kipimo. Mshale ulikuwa unatetemeka katika tisini na moja.

Alijipekua masikio. Je, amesikia kikohozi? Alitafuta katika kumbukumbu kama mtu apapasaye chini kutafuta sindano, asipate kitu. Au labda ukavu fulani tu katika hewa, wakati mfupi nyuma, ambao ungeweza kuwa jiwe linalojinyoosha kwa baridi. Mtu aliyelala usingizi ule hakohoi. Lakini mtu aliyekohoa mara mbili kila alipokaribia mahali alipo mke wa mwanawe, kwa miaka kumi na mmoja, ana koo linalofanya kazi bila kumwuliza. Na mwanamke aliyeitikia kikohozi hicho kwa miaka ileile ana shingo ya namna hiyohiyo.

Ndipo alipoliona kosa lao lote. Walimchagua kwa sababu amezoea kutomtazama mzee huyu. Hakuna aliyefikiri kwamba anayemkwepa mtu sharti kwanza ajue mtu huyo yuko wapi. Kila siku ya ndoa yake, kabla ya kugeuza uso, alikuwa amekwisha kujua. Hakuwa jicho lisilomtafuta. Alikuwa jicho lililokuwa likimtafuta kuliko yote, ili lipate kumkosa.

3

Simu ikawaka taa yake ndogo, bila mlio.

"Mama Lusajo," sauti ya Semkiwa ikasema, "mshale umeshuka. Sema neno."

"Nipo, daktari."

"Neno si 'nipo'."

Tumwitike akaibana simu sikioni. Alikuwa bado ameelekea magharibi. Aliogopa kusogea, kana kwamba kukaa vile kungeweza kuhesabiwa bahati tu endapo hatajisogeza. "Daktari, nikuulize. Mtu akijua jambo, naye hajui kwamba analijua, ni kujua?"

"Usiendelee," Semkiwa akasema polepole. "Usinitajie upande wowote. Sitaki hata nielewe unauliza nini. Nisikilize. Tisini na moja ni zaidi ya tisini. Kanuni inaturuhusu. Yawezekana mlima umenguruma, hunguruma. Zimebaki dakika ishirini. Ukisema neno, tunaendelea. Ukivuta kamba, ninamwamsha hapohapo alipo, na ugonjwa wake. Hatapita tena. Damu ya binadamu haivumilii ubaridi huu mara mbili."

"Na nikisema neno, kumbe wimbi limevunjika?"

"Hilo unalijua jibu lake."

"Niambie."

"Makutano yatangoja nusu mbili. Ikija moja, mitambo itajumlisha kilichopo na kisichopo." Akapumua. "Ulimwona Bwana Ngailo."

Alimwona. Miaka miwili iliyopita Bwana Ngailo alitoka Makutano akiwa na uso wake wote, na vidole vyake vyote, na moyo usiojua kupiga.

"Daktari, wewe ungefanyaje?"

"Mimi sikuwamo humo. Siwezi kukushuhudia wala kukukana. Nusu dakika, Mama Lusajo."

Moyo wa mwanadamu ni wakili hodari, hakosi hoja akiwa na kesi mbaya. Moyo wa Tumwitike ukasimama ukatetea. Ukasema: hukusikia kitu, mwulize yeyote, hakuna kikohozi katika kumbukumbu yako. Ukasema: shingo si shahidi, shingo hugeuka kwa baridi na kwa uchovu. Ukasema: ukivuta kamba, umemhukumu mzee miezi sita, kwa hakika, kwa mkono wako; ukisema neno, labda umemponya. Ukasema tena, kwa sauti ya Gwakisa: nirudishie baba. Na mwisho, kama mawakili wote wanavyofanya wanapoona jaji anayumba, ukasogea karibu ukanong'ona: akifa, nani atajua? Wataulaumu mlima.

Ni hoja hii ya mwisho iliyomwamsha. Alikumbuka siku ya kwanza ya mafunzo, Semkiwa akiwaambia walinzi wapya: ulimwengu hauwaulizi kama mmeelewa, unatafuta alama tu. Kitambaa kilichosogea ni alama. Vumbi lililotimka ni alama. Hauhitaji mtu aisome.

Naye alikuwa ameketi hapo, amegeuka, amefunikwa upande mmoja, alama ya urefu wa mtu mzima.

Labda alikosea. Hilo halikumwondoka, wala halingemwondoka kamwe. Lakini neno lile lilikuwa na maana tatu, sikuona, sikusikia, sijui, na ya tatu hakuwa na uso wa kuisema.

Akavuta kamba.

Kengele ikapasua mwamba. Taa zikawaka, nyeupe, zenye kuumiza. Simuni Semkiwa hakulaumu wala hakupumua kwa nguvu, alisema tu, kwa sauti ya kazi, "Tamka."

"Mimi, Tumwitike Mwalwisi, mlinzi, natamka kwamba giza limevunjika." Hapo kanuni ilimtaka ataje jina kamili la mgonjwa. Aliwahi kusema uongo mdogo, aliwahi kusema maneno makali, lakini jina hili hakuwahi kulisema hata peke yake jikoni. "Mgonjwa ni... mgonjwa ni Asegelile Mwalwisi." Likatoka dogo, kama jina la mtu yeyote. "Pito la mashariki."

"Ingia," akasema Semkiwa. "Upesi. Na umtazame."

4

Ilikuwa kanuni, na kanuni ilikuwa na sababu yake. Wimbi lililovunjika katikati halikai sawa. Lina sehemu zilizokwisha kuamua na sehemu ambazo bado zinasitasita, na njia pekee ya kuziamulisha zote ni jicho la karibu, chini ya taa, kutoka utosini hadi kisiginoni, bila kuruka mahali. Aliyevunja giza ndiye aliyetakiwa kumaliza.

Nesi Zamda alimfuata na mablanketi. Mlango wa mashariki ulifunguka kwa kwikwi. Baridi iliyotoka ilikuwa na harufu ya chuma. Tumwitike aliinua taa, akaingia, na mguu wake wa kushoto ukataka kurudi nyuma wenyewe, naye akaukanyagisha mbele.

Kitanda cha sumaku kilikuwa mbele yake, hatua nane. Mzee alikuwa juu yake.

Akamtazama. Alianza utosini, kama alivyofundishwa: mvi zilizokatwa chini, kovu dogo juu ya nyusi. Masikio yalikuwa ya Gwakisa. Kidevu kilikuwa cha Lusajo, kidevu kilekile alichokipangusa uji kila asubuhi, naye hakuwa na habari kilitoka wapi. Alipofika kifuani alikuwa analia, lakini hakupepesa macho. Tumbo lililovimba upande wa kulia. Mikono ya chaki. Magoti. Nyayo.

"Yupo?" kipaza sauti kikauliza kutoka darini.

"Yupo."

"Mzima?"

Zamda akaweka vidole shingoni mwa mzee, akangoja, akaitikia kwa kichwa.

"Mzima," akasema Tumwitike. Kisha, kwa haraka, kama mtu aliyekuta mzigo wake umepungua: "Daktari, yuko mashariki. Basi nilimsikia kweli."

"La, Mama Lusajo." Sauti ya Semkiwa ilikuwa na upole ambao aliuchukia. "Nisingependa ujidanganye. Giza likikatizwa, ni lazima awe upande mmoja, hata kama hukusikia kitu. Ni huku au kule, nusu kwa nusu. Kumkuta hapo hakukushuhudii chochote."

"Basi nitajuaje?"

"Hutajua. Mimi pia sitajua."

Walimfunika mzee mablanketi yenye joto, moja baada ya moja. Ilipita nusu saa kabla ya midomo yake kusogea.

"Nesi," akasema, macho amefumba, "muulize Mama Lusajo kama nimefika."

Zamda akamtazama Tumwitike.

"Hukufika, baba," akasema Tumwitike.

Macho ya mzee yakafumbuka. Yalikuwa makubwa kuliko alivyodhani, na ya kahawia. Walitazamana, na hakuna aliyekuwa na la kujifunika.

"Kengele?"

"Naam, baba."

"Nani aliyeipiga?"

"Mimi."

"Ulinisikia?"

"Sijui. Nilijikuta nimegeuka."

Mzee akaitafakari habari hiyo bila haraka, kama anayekagua hesabu ya mwanafunzi mstari kwa mstari, akitafuta palipokosewa. "Ungenyamaza, pengine ningepona."

"Pengine, baba."

"Na pengine ningekuwa maiti, mkavu kama ubao." Akajaribu kulamba midomo. "Zamda, mama, uvimbe?"

Zamda akaweka kiganja ubavuni, kwa wepesi ambao mikono yake minene iliuficha siku nyingine. "Upo, mzee wangu."

"Ndaga," akasema mzee kwa lugha ya kwao, asante. Na haikujulikana anamshukuru nani. "Gwakisa yuko mlangoni?"

"Yuko nje tangu asubuhi."

"Ana moyo wa haraka, yule. Nilimzaa mimi, namjua. Tutamwambia mitambo imegoma."

"Baba, wewe ni mzee wa kanisa."

"Ndiyo sababu ataniamini," akasema mzee.

Tumwitike alikuwa akiitazama sadaka ile ya uongo, iliyotolewa na mtu ambaye yeye mwenyewe amempokonya miaka yake, au amempa miezi. Na alijua ingemtosha, ingeweza kufunika nyumba yote, naye angeweza kulala chini yake maisha yake yote.

5

Walimtoa kwa kiti cha kubebwa, maana nguvu za magoti hazikuwa zimerudi. Jua lilikuwa limepanda, umande ulioganda ulikuwa unayeyuka kwenye paa na kudondoka. Gwakisa aliinuka kutoka ngazini. Akamwona baba yake, akayaona macho yake wazi, na uso wake wote ukafunguka kwa namna ambayo Tumwitike alitamani kuufunga kwa mikono yake kabla haujafika mwisho.

"Baba! Umepita?"

"Sikupita, mwanangu," akasema mzee. "Mitambo yao hii..."

"Ni mimi," akasema Tumwitike.

"Nilipiga kengele," akaendelea. "Nilidhani nimejua yuko wapi. Sina hakika kama nilijua. Ingekuwa nimejua, nisipige, angekufa Makutano. Ingekuwa sikujua, basi nimemnyima uponyaji wake, na hautapatikana tena. Daktari anasema haitajulikana ni lipi. Nilipiga kwa hiari yangu, Baba Lusajo. Hakuna mtambo uliogoma."

Gwakisa akamtazama. Kofia ilimwanguka, hakuiokota.

"Haitajulikana," akasema.

"Haitajulikana."

"Mpaka lini?"

"Siku zote."

Gwakisa aligeuka akautazama uwanda, mabega yanapanda na kushuka. Zamda, aliyekuwa ameshika mgongo wa kiti, akatazama chini. Mzee aliinua mkono kidogo kutoka kwenye blanketi, kisha akaurudisha. Hapakuwa na mahali pa kuuweka. Ukapita muda wa kutosha kwa matone kumi kuanguka kutoka paani, na Tumwitike aliyahesabu yote, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine na hakutaka kuikimbia ile aliyokuwa nayo.

"Miezi mingapi?" akauliza Gwakisa, akiwa bado amewapa kisogo.

"Sita," akasema mzee. "Labda minane. Kama mama yako hatanilisha makande yake."

Gwakisa akapangusa uso kwa mkono wa koti. Akaja, akainama mbele ya kiti, akapitisha mikono chini ya makwapa ya baba yake.

"Baridi hii itamdhuru," akasema, kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia kwake. "Shika miguu, Mama Lusajo, tumpeleke nyumbani."

Akashika.